Theluthi mbili ya nani?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa uraia katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Wanafunzi wameniuliza kwa nini katiba isibadilishwe kwa nusu na mtu mmoja, kama tunavyochagua kiranja wa darasa. Nikawajibu kwamba theluthi mbili inawalinda wachache. Kijana mmoja akasimama: 'Na sisi Pemba, inatulinda?' Nikakosa la kusema. Tena wakabishana kama theluthi mbili ya watu 80 ni 53 au 54. Tusaidie."

Waalaykumu salaam, mwalimu. Mpe salamu zangu huyo kijana aliyesimama. Swali lake wanasheria wengi hulipita pembeni, na mimi mwenyewe nililipita miaka mingi, mpaka siku niliyokaa na kalamu nikatoa hesabu utakayoiona huko chini. Chukua chaki, maana jibu lake lina tarakimu.

Nianze na kete za bao. Mama yangu mdogo alikuwa mwanachama wa ushirika wa mwani, pwani ya kaskazini ya Pemba, wanachama 31. Katiba yao, karatasi tatu zilizopigwa chapa na kutiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ilisema kanuni hazibadilishwi ila kwa theluthi mbili. Siku moja ikaletwa hoja kwamba mapato yagawiwe kwa kilo za kila mtu, si sawa kwa sawa. Wakafika 20. Mikono ya ndiyo 17. Katibu hakuwa na ubao, akazipanga kete juu ya mkeka, 17 huku, 3 kule, na vigelegele vikaanza. Bibi mmoja aliyekuwa kajiinamia anasuka ukili akauliza, bila hata kunyanyua uso, "Na wale kumi na moja walioko pwani, kete zao ziko wapi?" Ilikuwa siku za bamvua, maji yametoka mbali, na wenzao walikuwa huko wanafunga kamba zao. Ikasomwa tena ile karatasi. Imeandikwa "wanachama wote". Katibu akatia kete 11 nyingine. Sasa 17 si kitu tena, kwa sababu theluthi mbili ya 31 ni 21. Hoja ikalala pale pale mkekani.

Katiba zetu zote mbili zinahesabu kama yule bibi. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataka theluthi mbili ya Wabunge wote, na ibara ya 80 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inataka theluthi mbili ya Wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi. Si waliohudhuria. Maana yake asiyefika, anayeumwa na aliyetoka ukumbini kwa hasira wote wamehesabiwa upande wa hapana. Ndiyo maana kususia kikao kunaweza kuwa silaha siku ya kubadilisha katiba, na kukawa bure kabisa siku ya kupitisha sheria ya kawaida, inayokwenda kwa wingi wa waliomo. Wanasiasa wetu huchanganya siku hizo mbili.

Kwa nini basi isiwe nusu na mmoja? Kiranja akiharibu unamngoja mwakani. Katiba ndiyo inayosema kama huo mwakani utakuwepo. Aliyeshinda kwa kura chache leo akiweza kubadilisha masharti ya mashindano ya kesho, ushindi wake haumaliziki. Hilo ndilo jibu la vitabuni, na ni la kweli. Ila waambie wanafunzi wako upande wa pili pia, kwamba theluthi mbili haiwapi wachache haki ya kupata kitu. Inawapa kura ya turufu tu, na kura ya turufu humnufaisha yule anayependa mambo yabaki yalivyo. Kama yalivyo ni dhulma, kanuni itailinda dhulma kwa uaminifu ule ule. Jimbo la California huko Marekani lilikaa miaka mingi likitaka theluthi mbili hata kupitisha bajeti, wachache wakawa wanaishikilia mpaka wapewe wanachotaka, hadi wapiga kura wakalifuta sharti hilo mwaka 2010. Na Senati ya Marekani, ambayo huhitaji kura 60 kati ya 100 kufunga mjadala wa sheria nyingi, haina sharti hilo katika Katiba yao. Limo katika kanuni za kikao, na mwaka 2013 kisha 2017 wenyewe walilipunguza kwa uteuzi wa majaji kwa wingi wa kawaida. Kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa unayemfungia.

La kwetu limeandikwa ndani ya katiba, hilo ni heri. Lakini lilitungwa wakati wa chama kimoja, 1977 na 1984, wakati theluthi mbili ilikuwa ni kunyanyua mikono pamoja na kushusha pamoja. Hakuna aliyelijaribu. Vyama vingi viliporudi 1992 ndipo watu wakaanza kuulizana theluthi mbili hiyo ni ya nani.

Upande wa Muungano jibu lipo, na ni zuri. Yapo mambo ambayo theluthi mbili ya jumla haitoshi: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano yenyewe, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, idadi ya Wabunge kutoka Zanzibar, na mengine machache yaliyotajwa katika orodha ya pili ya Nyongeza ya Pili. Hayo yanataka theluthi mbili ya Wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande na mkeka wake. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773 katika taifa la watu 61,741,120, yaani watatu katika kila mia. Ukihesabu vichwa tu, mkeka wetu ungemezwa. Ukihesabu mbalimbali, Bara nzima ikisema ndiyo bado haitoshi.

Hapo wanafunzi wako watapiga makofi. Waache wapige, kisha waulize nani anakaa kwenye mkeka wa Zanzibar.

Wanaohesabiwa ni Wabunge wanaotoka Zanzibar, na Mbunge ana chama. Katika mfumo wetu mtu akivuliwa uanachama wa chama kilichomwingiza, kiti kinakwenda. Hata upande wa Baraza la Wawakilishi ni hivyo hivyo: lilimfika Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki kwa tiketi ya CCM, aliyekuwa na msimamo wake kuhusu muundo wa Muungano. Agosti 2013 chama kikamfukuza, jimbo likawa wazi, na Februari 2014 ukafanyika uchaguzi mdogo. Watu wa Kiembesamaki hawakuwa wamemfukuza. Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabiwa kama Mzanzibari huku kura yake imeshaamuliwa kwenye kikao cha chama kilichofanyika Dodoma. Kuhesabu mbalimbali kunatenganisha bahari, hakutenganishi chama kilichovuka bahari.

Bunge Maalum la Katiba la 2014, lililoitwa kutunga katiba mpya ya Muungano, lilituonesha hili mchana kweupe. Waliingia Wabunge wote, Wawakilishi wote na wateule 201, na sheria ikataka theluthi mbili ya kila upande. Tarehe 16 Aprili UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka, wasirudi. Kwa hesabu ya yule bibi wa ukili, kutoka kwao kulikuwa hapana nzito, hasa upande wa Zanzibar, ambako CUF, chama kikuu cha upinzani huku kwetu wakati ule, ilikuwa na watu wengi. Na kweli, mkeka wa Bara haukuwa na shaka. Wa Zanzibar ndio uliohesabiwa kwa roho juu, kura moja moja, na kanuni zikawa zimeshalegezwa ili hata mjumbe aliye nje ya ukumbi aweze kupiga. Tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kwamba theluthi mbili imepatikana pande zote mbili, ya Zanzibar kwa kura za kuhesabu kwa vidole. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wa wakati ule, Othman Masoud Othman, alisimama akapiga kura ya wazi na kuzikataa baadhi ya ibara. Siku chache baadaye hakuwa tena Mwanasheria Mkuu. (Miaka saba haikutimia akarudi serikalini kwa mlango mwengine, Makamu wa Kwanza wa Rais, Machi 2021, baada ya kufariki Maalim Seif Sharif Hamad.)

Sasa Pemba.

Baraza letu la Wawakilishi, pale Chukwani, lina majimbo 50: 32 ya Unguja, 18 ya Pemba. Juu yake kuna wanawake wa viti maalumu, asilimia 40 ya idadi ya majimbo, yaani 20, na vyama hugawana kwa kadiri ya majimbo waliyoshinda. Rais wa Zanzibar anateua 10, wawili kati yao baada ya kushauriana na upinzani. Ongeza Mwanasheria Mkuu. Jumla 81. Spika nimemwacha pembeni, akipatikana nje ya wajumbe hesabu itasogea kidogo. Theluthi mbili ya 81 ni 54. Anayetaka kuzuia anahitaji 28.

Chukulia chama kimoja kimezoa majimbo yote 18 ya Pemba na hakina hata moja Unguja. Kuzoa Pemba si ndoto. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote ya Pemba, wakati huo yakiwa 21, na mwaka 2010 ikachukua yote 18, ingawa mara zote mbili ilipata na machache ya Unguja. Tuhesabu: majimbo 18, viti maalumu 7, wateule 2. Jumla 27. Ng'ambo ya pili: majimbo 32, viti maalumu 13, wateule 8, Mwanasheria Mkuu 1. Jumla 54.

Soma tena. Hamsini na nne kamili.

Pemba nzima ikisema hapana kwa sauti moja, mtu asibaki nyuma, inakosa kete moja. Jimbo moja zaidi, 19, ungepata viti maalumu 8 na wateule 2, jumla 29, na katiba isingeguswa bila Mpemba kuulizwa. Na majimbo yale yalikuwa 21 kabla hayajapunguzwa kuelekea uchaguzi wa 2005. Sisemi kwamba aliyepunguza alikuwa na hesabu hii mkononi, kwani wakati ule viti maalumu vilikuwa vichache zaidi na jumla ilikuwa nyingine. Nasema leo ndivyo zinavyoangukia.

Kwa hiyo mjibu yule kijana kwamba theluthi mbili peke yake haiilindi Pemba. Inaulinda upinzani wenye Pemba na kipande cha Unguja. Mwaka 2010 matokeo yalikuwa CCM majimbo 28, CUF 22. Ukipita njia ile ile ya hesabu, upande wa kwanza unaishia 48, na sita wanapungua. Hakuna aliyeweza kubadilisha katiba bila ya mwenzake. Mwaka 2020 CCM ikapata majimbo 46 na ACT-Wazalendo 4. Hesabu inaruka hadi 73, zinabaki kete 19 za kuchezea. Kufuli ni lile lile, ibara ile ile ya 80, herufi kwa herufi. Maalim Seif, mgombea wa ACT-Wazalendo, alitangaziwa asilimia 19.87 ya kura za urais, na majimbo manne kati ya 50 ni asilimia 8. Ugomvi wa kura zilivyohesabiwa mwaka ule nauacha ulivyo. Hata ukiyachukua matokeo kama yalivyotangazwa, mtindo wa mshindi kuchukua jimbo zima unageuza robo tatu ya kura kuwa tisa ya kumi ya majimbo. Anayetaka theluthi mbili iwe na maana aanze kupigania jinsi kura zinavyogeuka viti, kwa mfano hivyo viti maalumu 20 kugawiwa kwa kura badala ya majimbo. Kupandisha theluthi mbili ikawa robo tatu, kama wanavyodai wengine vijiweni, kusingezuia kitu mwaka 2020: robo tatu ya 81 ni 61, na 73 inaipita kwa raha zake.

Najua mtu wa Unguja atasoma mpaka hapa aseme huyu anawapigia Wapemba ngoma. Basi nimpe yake. Sensa ya 2022 imehesabu Pemba watu 543,441, karibu 29 kwa mia ya Wazanzibari wote. Kwa vichwa tu Pemba ingepata majimbo 14, nayo ina 18. Jimbo la Pemba kwa wastani lina watu 30,000 na la Unguja 42,000. Mkaazi wa Mjini Magharibi, anakomiminika kila anayetafuta kazi, akiwemo Mpemba mwenyewe, ana haki ya kulalamika kwamba kura yake imepungua uzito. Hoja hiyo ni ya haki kabisa, na wanafunzi wako wasiicheke.

Lakini mrudishe Dodoma huyo mlalamikaji. Zanzibar ni watatu kwa mia, na katika uchaguzi wa 2025 ilikuwa na majimbo 50 kati ya 272, kama 18 kwa mia, mbali na wajumbe watano wanaopelekwa Bungeni na Baraza. Juu ya hayo tunadai tuhesabiwe kwenye mkeka wetu. Tunasema sisi ni nchi iliyoungana na nchi, si mkoa, na wingi wa vichwa vya Bara hauwezi kuwa hoja ya kutumaliza. Nakubali, nimeshasimama mbele ya watu nikatetea hivyo. Basi Mpemba akija Chukwani akasema sisi ni kisiwa kilicho na historia yake, karafuu zake na maumivu yake, nasi tuhesabiwe peke yetu, tutamjibu kwa mdomo gani? Katiba ya Zanzibar haina sharti la kuhesabu Unguja na Pemba mbalimbali. Mimi binafsi sitaki liwepo, naogopa litachora mstari baharini ambao watoto wetu watakuja kuuita mpaka. Ila nakiri kwamba Mbara anaweza kuniambia maneno hayo hayo kuhusu Muungano, na sina jibu safi la kumpa.

Sisi tulikwenda njia nyengine. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif, wakati huo wa CUF, walikutana Ikulu. Januari 2010 hoja ya kiongozi wa upinzani Barazani, Abubakar Khamis Bakary, ikapita bila kupingwa. Tarehe 31 Julai watu wakaulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Agosti Baraza likapitisha mabadiliko ya kumi ya Katiba, yaliyoleta kiti cha Makamu wa Kwanza kwa chama cha pili, na pia ibara ya 80A, inayotaka baadhi ya vifungu visiguswe bila kura ya maoni. Badala ya kumpa mchache kura ya kuzuia, tukampa kiti cha kukalia. Nacho kina udhaifu wake. Baada ya marudio ya uchaguzi ya Machi 2016 yaliyosusiwa na CUF, hakuna mwengine aliyefikisha asilimia 10 ya kura inayotakiwa, na kiti kikakaa kitupu mpaka 2020.

Angalia na hii, mwalimu, uwaandikie ubaoni. Katika kura ya maoni ya 2010, kura za ndiyo zilikuwa asilimia 66.4, za hapana 33.6. Theluthi mbili ni 66.67. Kura ile ilihitaji wingi wa kawaida tu. Lau tungeitia kufuli la theluthi mbili, kwa nia njema kabisa ya kuwalinda wachache, jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kuwafanyia wachache hapa Zanzibar lingekufa kwa chini ya kura moja katika kila mia tatu.

Na ule ubishi wa wanafunzi: ni 54. Hamsini na tatu kati ya 80 ni asilimia 66.25, haijafika. Theluthi mbili ni kima cha chini, kwa hiyo kipande kikibaki unapanda, hushuki, maana hakuna theluthi ya mtu. Waliosema 53 walipiga hesabu sawa wakakata desimali, kosa la kawaida. Wape kete 80 wajaribu wenyewe.